Chupa Zilizoandikwa Msambweni

Kwa miaka minne nimeandika neno Msambweni kwa kalamu ya wino usiofutika, siku nyingine mara ishirini, kwenye vibandiko vya chupa ndogo zenye unga wa kahawia. Msambweni, mizizi. Msambweni, gome. Msambweni, majani yaliyochemshwa. Chupa huingia kwenye friji, hutoka, unga hupimwa kwa mizani inayotikisika hata mtu akipumua karibu nayo, panya hupewa, namba huandikwa. Msambweni kwenyewe sikuwa nimefika. Mimi ni mtoto wa Majengo, Pumwani. Bahari niliijua kwa kanda za taarab za nyanya yangu na kwa kalenda iliyokuwa ukutani kwa kinyozi, mashua moja na mnazi mmoja uliopinda.

Basi mkuu wetu wa maabara aliponiambia kwamba safari hii nitakwenda mimi kukusanya mimea, kwa kuwa kijana aliyezoea kwenda amepata kazi kwingine, sikuuliza hata posho ni kiasi gani. Ningeuliza.

Mzigo wangu ulikuwa wa ajabu kidogo. Mbao mbili za kubania majani, mikanda minne, mifuko ya khaki (ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na hata kabla ya hapo haikufaa, jani huoza humo kwa siku moja), panga, mkasi wa kukatia matawi, na furushi la magazeti ya zamani zito kama mtoto wa miaka mitatu. Treni ikanishusha Miritini, matatu ikanifikisha Likoni, na ndani ya feri mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi kichwani akanitazama mimi, akayatazama magazeti, akaniuliza kilo nauza shilingi ngapi. Nilipomweleza kwamba ni ya kukaushia majani ya dawa alitikisa kichwa. "Umetoka Nairobi na magazeti kuja kufunga majani yetu? Haya, Mungu akujaalie."

Nieleze kazi yetu, maana hata kwetu Majengo wapo wanaodhani nafuga panya wa kuuza. Tunachopima ni kama mmea unatuliza maumivu na kupunguza uvimbe, tena si kwa kusikia kwa mtu. Panya hupewa dondoo ya mmea kwa mdomo. Baada ya muda hudungwa sindano chini ya unyayo wa mguu wa nyuma, sehemu ya kumi ya mililita tu, ya kitu kiitwacho karagenani kilichoyeyushwa kwa kiasi cha asilimia moja. Unyayo huanza kufura, na saa ya tatu hivi huwa umefura kwelikweli. Kila saa unaupima. Kundi moja limepewa dondoo, jingine limepewa dawa inayojulikana kama diklofenaki au indomethasini, na jingine maji tu. Ukiona nyayo za kundi la dondoo hazikufura kama za kundi la maji, umepata neno la kuandika. Jaribio hili lilianza kutumika mwaka 1962, na tangu hapo dawa nyingi za uvimbe zimepitia kwenye mguu wa panya.

Yapo mengine. Kuna la asidi ya siki, ambapo kipanya mdogo hudungwa tumboni, nawe ukakaa na kihesabio mkononi ukihesabu mara anazojinyonga kwa maumivu. Hilo silipendi na sijalizoea. Wapo wanaozoea, siwalaumu, siwaonei wivu. Kamati ya maadili hutulazimisha kutumia wanyama wachache kadiri iwezekanavyo, nami ni katika wale ambao, wakiambiwa sita wanatosha kwa kila kundi, huuliza kama watano hawatoshi.

Nililala Ukunda usiku wa kwanza, na asubuhi nikaelekea Diani, barabara ile ambayo juu yake wametundika ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kukanyagwa na magari. Sikuwa na kazi Diani. Nilitaka kuuona msitu wa Kaya Kinondo kwanza, kwa kuwa kila karatasi niliyosoma kuhusu mimea ya Wadigo, wenyeji wa huku, iliitaja kaya kwa namna fulani, na kwa kuwa niliogopa kidogo kufika kwa wazee wa Msambweni bila kujua adabu ya msitu.

Mlangoni mwongozaji alinifunga kaniki nyeusi kiunoni. Vua kofia. Usivunje tawi. Usiokote hata jani lililoanguka. Tukaingia, na joto la Diani likabaki nje kama mgeni asiyealikwa. Miti mikubwa imeshika mawe ya matumbawe ya kale kwa mizizi, mingine imeyapasua. Huko ndiko vilikokuwa vijiji vya Wamijikenda vyenye maboma, na hata watu walipohamia nje msitu ukaachwa kwa mizimu na kwa wazee. Mwaka 2008 UNESCO iliziorodhesha kaya kadhaa za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, Kinondo mojawapo. Lakini msitu ulikuwa umelindwa na yale maneno ya mlangoni karne nyingi kabla ya UNESCO.

Mwongozaji alikuwa akigusa mti mmoja mmoja. Huu wa tumbo. Huu wa mgongo. Huu, mwanamke aliyejifungua huoshwa kwa maji yake. Mimi na mkasi wangu mfukoni, mfuko wa khaki umekunjwa vizuri, nilikuwa kama mtu mwenye swaumu aliyepitishwa soko la Kongowea mchana wa Ramadhani. Nilitoka bila jani. Nilipomrudishia kaniki aliniuliza, kwa upole, kama nimeona kwamba mti wa mgongo ni mmoja tu katika njia nzima tuliyopita. Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeandika jina lake.

Matatu ya Lunga Lunga ilinishusha Msambweni adhuhuri. Niseme ukweli, nilisimama stendi nikatafuta kitu, sijui nini, ambacho kingefanana na maandishi yangu ya miaka minne. Palikuwa na boda boda chini ya mwembe, hoteli yenye mahamri yaliyobaki ya asubuhi, na kibao cha hospitali ya rufaa ya kaunti. Msambweni haina habari na chupa zangu.

Nilikuwa na barua ya chifu, kibali cha utafiti cha NACOSTI, na nakala ya karatasi iliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la etnofamakolojia, ya Nguta na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walioandika mimea 27 ambayo watu wa Msambweni huitumia kutibu malaria. Mtu angeniuliza: malaria na mguu wa panya wapi na wapi? Ni kwamba homa na maumivu hupita mlango mmoja. Mwili ukiumia au ukivamiwa hutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo zinazopandisha joto, na hizo ndizo zinazoufanya mshipa wa fahamu uwe mwepesi wa kulia. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia kutengenezwa kwake, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopewa Nobel kwa utafiti huo. Kwa hiyo mti unaosifiwa kwa malaria huenda unaua vimelea, na huenda hauviui kabisa, unashusha tu homa na kuondoa maumivu ya viungo mgonjwa akajiona amepona. Hizo ni habari mbili tofauti sana kwa mama aliyepakata mtoto. Nikiulizwa kwa nini tunawasumbua panya, hilo ndilo jibu langu, wala sina jingine bora.

Mzee niliyepelekwa kwake alikuwa amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba ya makuti, anakata mizizi vipande kwa shoka dogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Mzee wa mtaa aliyenileta akaeleza habari yangu. Babu akachukua kibali, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, akakisoma chote, mpaka muhuri. Akanirudishia.

"Mmekuja tena," alisema.

Ikatoka hadithi. Miaka kadhaa nyuma walikuja watu na magari mawili. Aliwapeleka porini siku tatu. Walijaza magunia ya mizizi, wakapiga picha, wakamlipa kibarua cha siku tatu, wakasema watarudi kumwambia walichokipata. Hakuwataja kwa jina, nami sikumuuliza. Niliogopa kwamba ningeyajua majina hayo. Akanitazama juu ya miwani.

"Sasa wewe niambie. Ule mti ulifanya kazi?"

Sikuwa na jibu. Sikujua hata ni mti gani. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na kuna Itifaki ya Nagoya iliyoanza kutumika Oktoba 2014, isemayo kwamba mwenye mmea na mwenye elimu ya mmea wapate fungu lao. Nilizisoma zote kwenye treni, nikajiona nimejiandaa. Babu hakuuliza fungu. Aliuliza swali ambalo mtu yeyote humuuliza aliyemwazima kitu: vipi, kilikufaa?

Nilimwambia sijui, na kwamba mimi ninayepima ndiye niliyekuja, kwa hiyo jibu la safari hii litakuwa mikononi mwangu. Akasema, "Haya, tutaona," sauti ya mtu ambaye ameshaona. Kisha akasimama, akachukua jembe.

Tulitembea kwenye mashamba ya mikorosho na minazi, kisha vichakani. Alinionyesha mkilifi, ambao wengi wetu tunauita mwarobaini kwa kuwa husemwa unatibu maradhi arubaini. Ulitoka India, akasema, na hakuna aliyeukataa kwa hilo. Akanionyesha mchunga, mboga chungu ambayo watu wa pwani hula na ugali, na hapohapo ni dawa. Halafu tukafika kwenye mdungu, mjafari kwa Kiswahili cha vitabu, mti ambao nilikuwa nimeupima ukiwa unga zaidi ya mara mia moja na sikuwa najua kwamba shina lake lina vichuguu vya miiba, kama maziwa ya mbwa aliyezaa, kila kimoja na ncha yake. Babu alivunja jani akaninusisha. Harufu ya ndimu. Akachubua kipande cha gome kisichozidi ukucha.

"Tafuna, usimeze."

Kwanza uchungu, wa kukunja uso. Nikasubiri. Halafu ulimi ukaanza kutetemeka kama simu mfukoni, na baadaye kidogo ncha yake ikafa ganzi. Nilikuwa na shahada, na chupa ya unga huohuo kwenye friji Nairobi, na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilicheka mate yakanitoka. Babu naye akacheka.

Alipochimba mzizi alichimba upande wa mashariki, akakata mmoja, akazunguka upande wa magharibi akakata mwingine, akafukia mashimo yote mawili na kuyakanyaga. Nikamuuliza sababu. Akasema ndivyo alivyofundishwa. Nilivyouona mti ule, umesimama wima na mizizi yake mingine yote kaskazini na kusini, sikuhitaji sababu zaidi. Yale magunia ya magari mawili sidhani yalijazwa kwa utaratibu huo.

Tukakaa chini ya mkorosho, akaanza kunihoji yeye.

"Mtu akija kwangu na maumivu, namuuliza: yanakuwaje? Yapo yanayowanga. Yapo yanayokata, yanayochoma, yanayovuta, yanayopwita. Yapo yanayotembea, leo goti, kesho bega. Kuna baridi yabisi, inayozidi alfajiri. Kuna jongo, linalomkamata mtu kidole gumba cha mguu usiku hata shuka halitaki liguse. Kila moja na mti wake. Panya wako akiumwa husemaje?"

"Hulamba mguu, babu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi panya wote wana ugonjwa mmoja!"

Nilijaribu kuitetea kazi yangu. Nikamweleza jaribio la fomalini. Ukimdunga kipanya fomalini kidogo unyayoni, hulamba kwa dakika tano za kwanza, kisha hutulia, ukadhani yamekwisha. Ikifika dakika ya kumi na tano hivi huanza tena, mpaka ya thelathini. Yale ya kwanza ni ya mshipa wa fahamu kuguswa moja kwa moja. Ya pili ni ya uvimbe unaoanza kujijenga. Mofini hutuliza yote mawili. Dawa za jamii ya aspirini zaidi hutuliza ya pili. Kwa hiyo mmea ukituliza ya pili tu, tunajua unapita njia gani.

Babu alinyamaza, anachora mchangani kwa mpini wa shoka.

"Hiyo ni sawa," alisema mwishowe. "Mtu akijikata na jembe, kuna uchungu wa jembe, na kuna uchungu wa usiku. Dawa zangu karibu zote ni za uchungu wa usiku. Wa jembe, mwache alie tu."

Nimesoma maelezo mengi ya jaribio lile. Hakuna yaliyolisema kwa maneno machache kama hayo, na tangu siku hiyo kwenye daftari langu siandiki tena awamu ya kwanza na awamu ya pili. Naandika jembe na usiku. Mkuu wangu ameshaniuliza maana yake.

Kulikuwa na swali moja lililonifedhehesha kidogo. Babu alitaka kujua dawa tunaipikaje. Nikamwambia: tunakausha, tunasaga, tunaloweka kwenye methanoli siku tatu, tunachuja, tunaivukiza. Methanoli ni nini? Ni spiriti. Inanyweka? Hainyweki, babu, inapofusha. Akanitazama kwa muda. Yeye huchemsha mizizi kwa maji kwenye chungu, au humfukiza mgonjwa kwa mvuke chini ya blanketi, au huchanja na kupaka. Hakuna aliyewahi kulowekewa mti kwa spiriti Msambweni. Sisi tunatumia methanoli kwa kuwa huvuta vitu vingi zaidi kutoka kwenye jani, lakini kinachopimwa hapo si dawa yake tena, ni binamu yake. Na namna ya kupika si jambo dogo. Tu Youyou wa China, aliyepewa Nobel mwaka 2015, alihangaika na mmea wa malaria usiotoa kitu cha maana mpaka aliposoma katika kitabu cha zaidi ya miaka elfu moja na mia sita kwamba jani liloweshwe kwa maji na kukamuliwa, lisichemshwe. Akaacha moto mkali, ndipo artemisinini ikapatikana. Nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI, CHUNGU, SAA NGAPI? Babu akasema, mpaka harufu ibadilike. Nikaandika hivyohivyo.

Kuhusu malaria alikuwa na msimamo wake. Siku hizi mtoto akiletwa na homa humpeleka hospitali akapimwe damu kwanza. "Wakiona hamna malaria, narudi kazini."

Usiku ule mvua za vuli zilishuka. Nilikuwa nimepanga majani yangu kati ya magazeti, nimekaza mikanda, nimelala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Maabarani kuna kikaushio. Nilikuwa sijawahi kukausha jani kwa hewa ya pwani, hewa ambayo hata chumvi kwenye kijaluba huilowesha. Sikubadilisha magazeti jioni ile, wala kesho yake. Siku ya tatu nilipofungua mbao, mchunga ulikuwa mweusi, na majani ya mdungu yametoka kwenye vikonyo vyake yote, yamelala chini ya ukungu mweupe. Kosa ni langu, na nililia kidogo, nyuma ya mlango.

Mama mwenye nyumba ya wageni alinikuta. Hakuuliza mengi. Alileta pasi ya makaa, akaipuliza, akayapiga pasi magazeti moja baada ya jingine mpaka yakawa makavu na moto kama chapati, akanipa nikapanga majani mapya kati yake yakiwa bado yana joto. Asubuhi na jioni, siku nne. Jivu likamwagika kwenye habari za siasa za mwaka uliopita. Babu alinipeleka porini tena bila kusema neno, isipokuwa tulipofika kwenye mdungu: "Huu tumeshauchimba. Twende kwa mwingine." Mwingine ulikuwa mwendo wa saa moja.

Siku niliyobakiza kabla ya kurudi nilikwenda Kibuyuni, karibu na Shimoni, kuona mwani tu. Nilikuwa nimesikia kwamba wanawake wa huko wana mashamba baharini.

Ndani ya matatu, aliyekaa kando yangu alikuwa Mmakonde, fundi wa kuchonga, mwenye magoti ambayo aliyakunja kwa kuyashika kwa mikono. Wamakonde wako huku Kwale tangu wazee wao walipokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na walisubiri vitambulisho vya Kenya hadi mwishoni mwa 2016, baada ya kufunga safari ya miguu kwenda kumwona Rais. Akaniambia magoti hayajawa sawa tangu alipougua chikungunya. Nikamuuliza kama anajua neno hilo ni la kwao. Akanikodolea macho. Ni la Kimakonde, nikamwambia. Ugonjwa ulijulikana rasmi ulipolipuka kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na jina limebaki hilohilo duniani kote, India, Brazili, Mombasa ulipoenea mwishoni mwa 2017. Waliuita hivyo kwa sababu mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Alifikiri kidogo. "Kitambulisho tumengoja miaka yote hiyo," alisema, "kumbe ugonjwa ulishapewa pasipoti."

Kibuyuni nilifika wakati wa bamvua, maji yametoka mbali kabisa. Wanawake walikuwa wameinama kwenye mistari ya kamba iliyofungwa kwenye vigingi, maji magotini, wanafungua vichane vya mwani na kuvitia kwenye magunia. Juu, kwenye vichanja, mwani uliovunwa jana ulikuwa unakauka, wa zambarau, wa kijani, wa manjano, unanuka bahari na chuma. Mwani hukaa majini kama wiki sita kisha huvunwa. Nilimuuliza mama mmoja, aliyekuwa amekaa akichambua, unakwenda wapi ukishakauka.

"Ng'ambo, mwanangu. Wanasema hufanywa dawa ya meno, aiskrimu, sijui nini. Jina la kile wanachokitoa ndani yake silijui, gumu."

Nilikuwa nimeshika kichane mkononi. Ni karagenani. Nilijua kwa kusoma kwamba hutoka kwenye mwani mwekundu, lakini kujua kwa kusoma ni kujua kwa mbali. Mwani wa Kibuyuni hutoa aina mbili, na ile tunayoitumia sana maabarani ni ndugu yao wa tatu, wa bahari za baridi. Lakini ni ukoo mmoja. Kwa miaka minne nimechukua unga wa miti ya pwani hii na kuupiganisha na unga wa magugu ya bahari, kwenye mguu wa panya, Nairobi, na wote wawili walikuwa majirani, saa moja kwa matatu.

Nikamweleza. Jina lake, na aiskrimu, na meno. Halafu na panya, nikisita.

"Mnamdunga panya mwani, mguu unavimba?"

"Ndiyo, mama. Ili tupime dawa za kushusha uvimbe."

Alipaza sauti kwa wenzake walioko majini. "Jamani! Kumbe sisi ndio tunaowavimbisha panya wa Nairobi!" Kicheko kikapita kwenye mistari ya kamba mpaka mwisho wa shamba.

Kilipoisha alinyoosha mguu wake juu ya mkeka, akapandisha leso. Goti lilikuwa limefura, limefungwa kwa kitambaa. Kuinama huku, alisema, na maji haya, miaka yote hii. Akafungua kitambaa. Chini yake palikuwa na jani pana lenye ncha kama vidole, limenyauka kwa moto, bado lina mafuta ya nazi. Mbono. Hulipasha moto kwenye makaa, hulipaka mafuta, hulifunga usiku, asubuhi huweza kushuka majini. Mbegu zake nilizijua: zina risini, sumu mbaya, na mafuta yake ni yale tuliyokuwa tukinyweshwa utotoni kwa nguvu. Jani lake halikuwa kwenye orodha yangu. Halikuwa la babu wala la karatasi ya 2010 niliyobeba.

"Linatuliza uchungu wa kazi, au wa usiku?" nilimuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la maana. "Wa usiku," alisema. "Wa kazi, unaendelea nao tu."

Alinionyesha mbono nyuma ya choo cha shamba, nikakata tawi moja na maua yake, nikaliweka kati ya magazeti. Halafu nikatoa kibandiko. Mahali: nikaandika Kibuyuni. Sehemu: jani. Matayarisho: moto, mafuta ya nazi, hufungwa usiku. Mstari wa mwisho wa vibandiko vyetu, ule wa jina la aliyetoa habari, huwa tunauacha wazi. Nikampa yeye kalamu, na kwanza nikamwomba namba ya simu, niiandike kwenye daftari langu, ili nimpigie.